Kiti Kinachofuata

Siku hizi ukiingia chumba cha chai cha jengo la utafiti saa nne asubuhi, hakuna anayekwambia ukae wapi. Unachukua kikombe, unajimiminia, unatafuta wenzako. Wahandisi wamejikusanya kwenye kona yao, wanahistoria wako dirishani, na watu wa sosholojia hawaji kabisa. Wamenunua jagi lao la umeme. Meza ndefu bado ipo, imekuwa mahali pa kuweka mabegi. Vijiko vinalia, simu zinalia, lakini kuna kimya ambacho mhandisi mmoja mwanamke hukisikia kila akipita mlangoni, kama mtu anavyosikia pengo la jino lililong'olewa: ulimi unakwenda wenyewe palepale.

Kimya hicho alikiacha Shangazi.

Pale kazini hakuwa na ndugu hata mmoja, ila kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa geti wote walimwita hivyo, naye aliwajibu kama mashangazi wanavyojibu, kwa kuwafokea kwanza. Alifiwa na mume mapema. Akawalea binti zake wawili kwa kufua mashuka ya mabweni, na ngazi za mabweni zikamla goti la kulia. Alipohamishiwa chumba cha chai alishukuru Mungu kwa sababu hakina ngazi. Hakujua kwamba kina birika.

Lilikuwa birika la aluminiamu, kubwa, zito, lenye mkono unaochoma hata ukilishika kwa kitambaa. Mwanzoni alizunguka nalo chumba kizima, maana wasomi walikaa vikundi vikundi: hawa huku, wale kule, wengine wamesimama ukutani wakibishana. Siku moja goti lilimgeuka katikati ya safari na chai ikamwagika juu ya ramani ya mtu wa jiografia, ramani aliyoichora kwa mkono tangu msimu wa mvua uliopita. Yule bwana alikaa tu, anaitazama milima yake ikigeuka rangi ya kahawia.

Kesho yake Shangazi aliburuta meza zote akaziunganisha ziwe moja. Akapanga viti pande zote mbili, akasimama kwenye kichwa cha meza, birika mkononi.

"Kuanzia leo," akasema, "anayeingia anakaa kiti kinachofuata. Sitaki kusikia huyu rafiki yangu, huyu wa idara yangu. Mimi namimina kwa mstari, nikifika mwisho nimemaliza. Asiyetaka, bomba la maji liko nje."

Walicheka. Kisha wakakaa. Na kwa kuwa watu hufika kila mmoja kwa wakati wake, ikawa mtu wa sheria anajikuta kati ya mtu wa mitambo na mtu wa lahaja, na aliyekuwa akichimba mifupa ya kale anaombwa chumvi ya yai na anayepima uchovu wa vyuma. Mwanzoni walinuna, wakanywa chai yao kimyakimya kama wagonjwa kwenye foleni ya daktari. Baadaye mmoja akauliza swali. Ukimweka msomi karibu na mtu asiyejua kazi yake, hawezi kujizuia kumweleza. Na akianza kumweleza, ndipo anapogundua mahali ambapo hata yeye haelewi.

Shangazi mwenyewe hakufuatilia. "Wakizungumza," alizoea kusema, "mimi nasikia kama mvua juu ya bati. Inapendeza, lakini haisemi kitu." Alikuwa na majina yake kwa kila taaluma. Wanahistoria aliwaita watu wa marehemu. Wanasosholojia, watu wa kuulizauliza. Wahandisi wa maji, watu wa mitaro. Wale wa isimu walikuwa watu wa midomo, na mwanafalsafa, ambaye alikuwa mmoja tu jengo zima, alikuwa mwanafalsafa, kwa sababu hilo neno lenyewe lilimchekesha vya kutosha.

"Shangazi, sukari imekwisha?" mwanafalsafa angeuliza.

"Fungua kopo uangalie, baba. Usikae hapo unafikiri."

Mhandisi alifika pale akiwa bado mgeni wa kazi, mkataba wake mfupi, na juu ya mabega yake kulikuwa na daraja. Lilikuwa daraja la waenda kwa miguu, juu ya korongo linalotenganisha makazi na soko. Kila mvua kubwa ikinyesha, maji ya korongo lile yalibeba mtu. Alilichora yeye, akalisimamia yeye, na lilipokamilika alitembea juu yake peke yake asubuhi na mapema, akihisi mbao zinavyomjibu miguuni. Halikutikisika. Likazinduliwa, watu wakapiga makofi.

Kisha wakashuka korongoni, wakavuka kwa kukanyaga mawe kama walivyovuka siku zote.

Alidhani ni mazoea. Akasubiri. Akaenda kukaa pale ukingoni na kuwauliza: daraja si imara? "Imara sana, dada." Mnaliogopa? "Tuliogope lina meno?" Mbona hampiti? "Tutapita, dada, tutapita." Wakashuka. Watoto tu ndio walipanda, kukimbizana. Na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa milimani.

Mwenyekiti wa kamati ya utafiti, mtu mwenye ulimi mkali, alitoa kauli moja tu: "Daraja lisilopitwa ni sanamu." Kamati ingekutana Jumatatu kuamua kama mradi uendelee au ufungwe. Mradi ukifungwa, mkataba wa mhandisi unakwenda nao. Lakini kilichomnyima usingizi hakikuwa mkataba. Ilikuwa yale mawe, na watu juu ya mawe, na mvua.

Asubuhi hiyo aliingia chumba cha chai na makaratasi kifuani, macho mekundu. Wahandisi wawili wakubwa wake walikuwa wamekaa kule karibu na dirisha. Alitaka kuwaonyesha hesabu za mtikisiko. Alikuwa ameshajishawishi kwamba daraja linayumba kidogo, kiasi ambacho kifaa hakioni ila mwili unaona. Angeongeza nyaya za kulikaza. Akawaendea moja kwa moja.

"We mhandisi! Unakwenda wapi huko?"

"Shangazi, leo niache. Nina shida na wenzangu."

"Wenzako utawakuta ofisini. Kiti kinachofuata ni hicho hapo."

"Shangazi, tafadhali."

"Na mimi tafadhali. Unaliona hili birika, au unataka nikupe ulibebe?"

Akakaa kwa hasira. Kushoto kwake alikuwa mwalimu wa fasihi, mtu mfupi mwenye koti lililopauka viwiko. Kulia, mama mmoja wa kuulizauliza, mtulivu, anayekoroga chai hata isipokuwa na sukari. Mhandisi aliweka makaratasi mezani akayatazama bila kuyasoma.

Birika likafika. "Sura gani hiyo?" akasema Shangazi. "Nani kafa?"

"Daraja."

"Limeanguka?"

"Lingeanguka ningejua sababu. Limesimama tu. Hawapiti."

Shangazi akamimina, akaendelea na mstari wake. Hakuwa na la kuongeza, wala hakujidai kuwa nalo.

"Lile la korongo la sokoni?" akauliza mwalimu wa fasihi. "Mimi huenda pale kila siku ya soko."

"Kufanya nini?"

"Kurekodi hadithi. Wale kina mama wanasimuliana njiani, wakienda na wakirudi. Kuna hadithi ambazo hazisimuliwi popote ila kwenye ile njia. Moja wanaianza huku, wanaimalizia karibu na maghala ya nafaka."

Mhandisi alitabasamu kwa adabu, tabasamu la mtu anayehesabu dakika zinazopotea. "Mimi napima mizigo, mwalimu. Hadithi hazina uzito."

"Upana wake ni kiasi gani?" akauliza yule mama, bado anakoroga.

"Wa hadithi?"

"Wa daraja, mwanangu."

"Mtu mmoja na mzigo wake. Ndicho kiwango."

"Na wawili wakikutana katikati, mmoja ana beseni kichwani na mwingine ana beseni kichwani, nani anarudi nyuma?"

Mhandisi alikuwa amepiga hesabu za upepo, za kutu, za umati mzima umesimama bila kusogea. Hesabu ya watu wawili wanaokutana hakuwa ameipiga. Haikuwa kwenye vitabu vyake.

"Anarudi aliye mdogo," akasema, bila uhakika.

"Na asiyejua kama ni mdogo?"

Mwalimu wa fasihi alikuwa ameshatoa kinasa sauti mfukoni. Akakilaza mezani kati ya vikombe, akabonyeza. Sauti za wanawake wawili, moja nzito, moja nyepesi, zikipokezana hadithi ya bwana aliyeoa kwa hila. Chini yake mlio wa maji na wa mawe yanayokanyagwa. Wanacheka kwa wakati mmoja. "Sikiliza," akasema mwalimu. "Unasikia walipo? Wako bega kwa bega. Mtu hamsimulii hadithi aliyempa kisogo."

Mchana wakaenda wote watatu, kwa miguu. Mhandisi alikuwa amekaa ukingoni pale mara nyingi, lakini siku zote alitazama daraja. Safari hii yule mama wa sosholojia alimgeuza kwa kumshika bega ili atazame njia. Na kweli: walikuja wawili wawili, mabeseni vichwani, mikono ikizungumza. Wakifika darajani walipunguza mwendo, kama mtu anayefika mlangoni na kukuta umebana, kisha wakashuka, wakapanuka tena kule chini kwenye mawe.

"Mwalimu wa hadithi huyo!" mwanamke mmoja akapaza sauti. "Leo umekuja na wake wawili?"

"Wote wamenikataa, mama watoto. Hebu niambie, mbona daraja la huyu binti hamlipiti?"

Yule mwanamke akamtazama mhandisi, akaona haya. "Usije ukaudhika, dada. Daraja zuri, tena zuri sana. Ila mimi na wifi yangu tukipita hapo, yeye anazungumza na mgongo wangu. Na akitokea mzee upande ule, nifanyeje? Nimwambie rudi? Na mzigo huu kichwani nigeuke ubavu? Bora maji."

"Mbona siku zote nilipowauliza hamkusema?"

"Uliuliza kama ni imara," wifi akasema. "Si ni imara?"

Mhandisi alicheka hadi akaketi kwenye nyasi. Kulikuwa na machozi ndani ya kicheko kile, na yule mama wa sosholojia, ambaye kazi yake ilikuwa kuona vitu kama hivyo, akageuka upande kama hakuona.

Jumatatu walikwenda kwenye kamati watatu. Mhandisi alitundika mchoro mpya: vyuma vya pembeni vya kulipanua, na katikati mahali palipotuna, kama nyoka aliyemeza kitu, ili wenye mizigo wapishane bila mtu kumrudisha mwenzake. Kabla hajaeleza aliomba kinasa sauti kiwashwe. Wajumbe, watu wazima wenye miwani, wakasikiliza wanawake wawili wakimsengenya bwana aliyeoa kwa hila. Mmoja akajisahau akacheka.

"Huu ni uhandisi?" mwenyekiti akauliza.

"Ni upana, mwenyekiti," akasema mhandisi. "Niliusahau."

Mwenyekiti akapangusa miwani. Kisha akasema mradi uendelee, lakini jina la mtu mmoja halitoshi tena. Waandike majina matatu.

Mafundi walifunga chuma cha mwisho mvua ikiwa imeanza kunukia hewani. Mvua ile ilipokuja ilikuja kweli, ikabomoa uzio wa soko, na korongo lilijaa maji mekundu yenye magogo. Mhandisi alikimbilia pale amejifunika turubai. Juu ya daraja watu walikuwa wakipita, bega kwa bega, wameinama chini ya mvua, na hata katika mngurumo ule aliweza kuona midomo yao inasogea. Chini, kwenye mawe, hapakuwa na mtu. Alisimama akalowa, bila haraka ya kuondoka. Hakuwa mtu wa kusali sana, lakini kitu alichokisema moyoni wakati ule hakina jina lingine.

Asubuhi iliyofuata alimweleza Shangazi yote, tangu kisogo hadi mvua, huku wengine wakigonga vikombe kudai chai yao. Akamaliza kwa kusema kwamba lile daraja kwa kweli limejengwa na yeye Shangazi, kwa kiti kile.

"Acha kunipaka mafuta," Shangazi akasema. "Mimi nilikuwa nakwepa kuzunguka. Mnadhani nilipanga niwaunganishe? Nilipanga nipumzike."

"Basi tunashukuru hivyo hivyo."

"Shukuruni goti." Akainua birika. Halafu akasita, jambo ambalo watu hawakuzoea kuliona kwake, akamtazama yule binti. "Hakuna aliyebebwa na maji?"

"Hakuna, Shangazi."

"Haya. Lete kikombe."

Alimjazia hadi ukingoni, na siku ile, kwa mara ya kwanza tangu aunganishe meza, hakumfokea mtu hadi chai ikaisha.

Alistaafu kabla ya mhandisi kupata ofisi yenye dirisha. Walimfanyia sherehe ndogo; mwanafalsafa alitoa hotuba ndefu na Shangazi akamwambia mbele ya watu wote kwamba keki inakauka. Wote watatu, mhandisi, mwalimu wa fasihi na yule mama, walimsindikiza hadi getini, wao waliozungumza pamoja miaka yote ile.

Sasa anaishi kwa binti yake wa pili, fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya posta. Asubuhi huamka jua likiwa limeshapanda, na chai huletewa kitandani na mjukuu.