Mke Mwenza Asiye na Kutu

Bernadine Wojtas aliwapikia watoto wa shule miaka thelathini na moja pale Cheektowaga, nje kidogo ya Buffalo, na muda wote huo hakuna mwanamke aliyewahi kumtia wivu. Mumewe Leonard, fundi wa kuchomelea vyuma aliyestaafu, alikuwa na masikio kama vipini vya sufuria, na akikoroma vigae vya paa vinahama. Nani angemtaka? Kisha Leonard akapanda ndege kwenda Arizona, kule jangwani, na baada ya siku nne akarudi kwa barabara na mke mwenza.

Lilikuwa gari jekundu la milango minne, lina umri wa miaka kumi na tisa, na chini yake hakuna hata doa la kutu. Wanaume wa mtaa mzima walikuja kulala chali mmoja mmoja, walichungulie tumbo. Mmoja alitoka huko chini analia.

Msimshangae. Upande ule theluji ikianguka tu, malori ya mji yanamwaga chumvi barabarani mpaka kulungu wanatoka msituni kuja kulamba mabampa. Chumvi hiyo inakula magari kama mchwa wanavyokula mlango. Gari la Bernadine, la buluu, lilishaliwa sakafu. Akifunga breki kwenye taa, anasaidia na viatu. Siku moja kilo tatu za soseji zilipita kwenye lile tundu, mbwa tisa wakamfuata mpaka nyumbani, na wawili waligoma kuondoka mpaka Pasaka.

Lakini Leonard hakununua lile jekundu ili mkewe aache kuburuza viatu. Alilinunua alipende. Novemba akalifungia bandani, akalifunika blanketi la sufu alilofuma marehemu mama mkwe wake, akaliwekea na hita.

"Litatoka Aprili," alitangaza, "mvua ikishaosha barabara mara tatu."

"Na mimi je?"

"Wewe si una la buluu?"

"La buluu linaingiza upepo mpaka kwenye mapaja, Len."

"Basi vaa soksi mbili, mpenzi."

Soksi angevaa hata nne. Kilichomchoma ni jioni moja alipopita karibu na banda na kumsikia mumewe akinong'ona, "Vumilia, mrembo wangu. Baridi hii itapita." Mrembo! Yeye neno hilo aliambiwa mara ya mwisho na muuza miwani. Kesho yake akaingia mwenyewe, akafunua blanketi, na kwenye kiti cha dereva akakuta unywele mrefu, mweusi. Leonard alikuwa na nywele sita, zote nyeupe.

"Ni wa Maribel," Leonard akamjibu bila haya. "Yule mjane wa Tucson, kule Arizona, aliyeniuzia. Huwa nampigia simu Jumapili kumwambia gari linaendeleaje."

"Kila Jumapili?"

"Sasa asijue hali yake?"

Jirani yake Stasia naye akaja kumwaga petroli kwenye moto. "Dada, wangu mimi alikuwa na karani wa benki. Afadhali karani, anazeeka. Hilo lako halizeeki!"

Februari hiyo walikuwa wanatimiza miaka arobaini ya ndoa: Misa ya shukrani Jumamosi asubuhi, halafu chakula na muziki kwenye ukumbi wa kanisa. Bernadine akaweka sharti lake mezani pamoja na supu. "Nitashuka mlangoni mwa kanisa kutoka kwenye lile jekundu. Nataka kujua mke wa nyumba hii ni nani."

Leonard akapauka. "Bernadine, barabara ni nyeupe kwa chumvi!"

"Na kichwa changu je, si cheupe?"

"Niombe kitu kingine. Niombe figo."

"Figo zako zimejaa bia, sizitaki."

Leonard akabeba supu yake akaenda kuinywea bandani. Ijumaa, mumewe alipotoka, Bernadine akachukua simu, akapiga ile namba ya kila Jumapili, amejiandalia matusi ya kumtosha mjane yule hadi kaburini.

"Wewe ndiye Maribel?"

"Ndiye."

"Mimi ndiye mke wa Leonard!"

Upande wa pili mtu akashusha pumzi. "Pole, dada yangu. Anakuruhusu kula ndani?"

"Ndani ya nini?"

"Ya gari! Marehemu wangu alinikataza hata kupiga chafya mle. Alipokufa nikaliacha juani miaka mitatu bila turubai, naliombea lioze. Tucson hakiozi kitu! Dashibodi ilipasuka kidogo, basi, likabaki linanicheka. Mumeo alipokuja nikamuuliza, kwenu kuna chumvi? Akasema, tele. Nikampunguzia bei papo hapo. Sasa kila Jumapili ananipigia kuniambia gari bado ni zima, roho inaniuma wiki nzima."

Walizungumza saa mbili. Matusi yote aliyoyaandaa yalipata kazi, ila si kwa Maribel.

Jumamosi Bernadine akavaa gauni la kijani, akafungua banda, akatupa blanketi kando na kuwasha gari. Leonard akatoka mbio na suti yake na kiatu kimoja.

"Zima, Bernadine!"

"Panda, au tembea."

Akatazama barabara, akamtazama mkewe, akapanda. Njia nzima alikaa ameinua miguu, na kila maji ya chumvi yaliporukia chini ya gari akapiga kelele "Ai!" kama mtu anayedungwa uma. Bernadine hakuruka dimbwi hata moja.

Kanisani Leonard alimwitikia padri vizuri tu, ila macho yalikuwa mlangoni. Ukumbini akala pierogi, zile sambusa za kuchemsha za Kipolandi, sahani mbili. Kodiani ilipoanza wimbo waliouchezea siku ya harusi, Bernadine akageuka: kiti kitupu.

Hakumuuliza mtu. Akaenda moja kwa moja kwenye maegesho, na pale akakuta miguu miwili imechomoza chini ya lile jekundu, pembeni beseni la maji moto ya jikoni linafuka mvuke.

"Leonard. Wimbo wetu."

"Dakika mbili, mpenzi."

"Mpenzi nani? Mimi au hilo?"

Miguu ikatulia. Theluji ikapata nafasi ya kumfunika viatu.

"Wewe," sauti ikasema.

"Umefikiri sana."

"Maji yameniingia sikioni!"

Bernadine akamwaga beseni kwenye theluji, akamshika miguu yote miwili na kumvuta nje. Leonard akasimama, mgongo umelowa, chumvi imemjaa kwenye nywele zake sita.

"Litaliwa, Bernadine. Miaka mitano tu, halitakuwa na milango."

"Na mimi miaka mitano nitakuwa na magoti gani? Twende tukacheze."

Madirisha ya ukumbi yalitazama maegesho. Mzunguko wa kwanza akaona macho ya mumewe yakipita juu ya bega lake kwenda nje. Wa pili, vilevile. Wa tatu akamgeuza, mgongo wake ukaelekea dirisha, akamkamata mkanda wa suruali barabara. Toka hapo aliyelitazama gari alikuwa yeye. Lilikuwa limetulia kwenye theluji, jekundu, taa zake zimemkodolea. Bernadine akahakikisha padri haangalii, akalitolea ulimi.