Fundi Aliyekumbuka Nguo

Fundi cherehani yule wa Bunda hukumbuka nguo kuliko sura za wenye nguo. Mteja akiingia humtazama mabegani kwanza, akasema, "Wewe ndiye wa gauni la kijani." Vidole vyake viwili, vilivyopigwa panga na majambazi, havikunjiki tena, na kivuli kikipita mlangoni hushtuka. Mbuke, aliyeingia leo kama mteja, alimwonea huruma, ingawa fundi huyo ndiye aliyeapa kortini kwamba kwa mwanga wa tochi alimtambua mwana wa Mbuke kati ya majambazi hao, kijana akafungwa miaka thelathini. Siku tatu nzima za kesi Mbuke na fundi walikaa wakitazamana.

"Karibu mama. Mgeni eeh? Sijakuonaga hapa," fundi alisema, akimpima kiuno taratibu.

Mbuke akatoa mkobani kitenge cha njano alichovaa siku zote za kesi, akajitanda. Futi ikamponyoka fundi.

"Mama wa yule kijana!"

"Ndiyo mimi. Jumatatu rufaa yake inasikilizwa Musoma. Hebu niambie, mwanangu ulimjua kwa sura, au kwa koti jekundu la mtumba kama lile lake?"

Fundi akamtazama usoni kwa mara ya kwanza, akakawia hapo.

"Koti, mama," alisema. "Koti ndilo nililoliona."