Kaka yangu alimzika mama bila mimi, na leo tunakaa benchi moja kanisani

Habari za humu, wakuu.

Naandika uzi huu nikiwa nimeshiba na nimetulia, sina hasira na mtu. Yote nitakayoyasema yamenikuta mwenyewe hapa Unguja, chumvi sijaongeza hata punje. Mwenye kubisha abishe, ila asome mpaka mwisho kwanza.

Nijitambulishe kidogo, maana humu kila mtu ni bosi.

Mimi ni mzaliwa wa Ng'ambo, mtaa wa hapa hapa mjini, Mkristo, wazee wangu walitoka Bara zamani kuja kufanya kazi huku. Nilikwenda Maskati, Omani, sina kitu, nikaanza kwa kubebea mafundi vyuma. Nimerudi na diploma ya mafriji na viyoyozi, niliyoisomea kulekule baada ya kazi, hakunilipia mjomba wala shangazi. Leo nina karakana yangu, nina nyumba Tunguu, na hoteli kadhaa za Mji Mkongwe zikizidiwa na joto anayepigiwa simu ni mimi. Ukipita kwenye vichochoro vile ukasikia kiyoyozi kinanguruma taratibu bila kukudondoshea maji kichwani, jua mkono wangu umepita hapo.

Sijisifu, naeleza. Mtaona mbele kwa nini nimeeleza.

Mama yetu alizaa wawili, kaka yangu Gabi na mimi. Baba alitangulia tukiwa wadogo. Gabi ni seremala, hakuwahi kutoka kisiwani, alibaki na mama kwenye nyumba ya Ng'ambo. Mimi nikawa natuma. Dawa mimi, paa jipya mimi, mpaka kiyoyozi nikamletea, tena cha maana.

Mama akakitundikia kanga zake. Akaniambia kwenye simu, "Toma mwanangu, mimi si samaki wa kugandishwa."

Nikacheka, ila iliniuma kidogo.

Siku aliyofariki nilikuwa kazini Maskati, juu ya paa la jengo. Gabi alinipigia asubuhi. Nikamwambia, "Kaka, mpelekeni mama chumba cha maiti. Nakata tiketi sasa hivi, kesho mchana nitakuwa hapo. Msimzike bila mimi."

Akajibu, "Sawa."

Kesho yake nikashuka uwanja wa ndege na suti nyeusi kwenye begi. Hakuna aliyekuja kunipokea. Nikafika Ng'ambo, nikakuta wanaume wa mtaa wamekaa barazani na kahawa zao. Wakaniinukia mmoja mmoja kunipa mkono. Mmoja wao akasema, "Pole sana, Toma. Tumemhifadhi vizuri jana alasiri."

Jana.

Wakuu mnaoijua Unguja mmeshaelewa. Mtaa wetu karibu wote ni Waislamu, na kwao maiti hacheleweshwi. Mtu akifa asubuhi, alasiri keshapumzika. Sisi Wakristo wengi wetu hungoja, kuna ndugu wa Bara, kuna watoto walio mbali. Majirani siwalaumu hata kidogo. Walifanya wema waliouzoea, wakaenda kuchimba kaburi kabla hata hawajaombwa. Aliyetakiwa kusema "ngojeni, mdogo wangu yuko njiani" ni Gabi.

Hakusema. Na simu yake ilikuwa imezimwa tangu mchana wa jana yake.

Hebu fikirini. Mimi kazi yangu ni kuhifadhi vitu visiharibike. Pweza wa watalii nawaweka wiki nzima na hawanuki. Mama yangu mzazi hakungojwa usiku mmoja.

Gabi alipotoka ndani sikumpiga. Nilimwambia mbele za watu kwamba kuanzia siku ile mimi ni mtoto pekee wa mama. Nikarudi Maskati. Hata niliporudi kabisa kuja kuishi nyumbani, miaka ikapita sijamsemesha.

Sasa tatizo likawa kanisani, kwa sababu tunasali kanisa moja. Yeye upande wa kushoto, mimi kulia karibu na nguzo. Ukifika wakati wa kupeana mkono wa amani, Gabi alikuwa akinitazama, nami nageukia nguzo. Nguzo ile imepewa amani na mimi kuliko Mkristo yeyote Unguja. Na Baba Yetu ikifika kile kipande cha kusameheana, nafunga mdomo, nawaacha wenzangu wakimalize, halafu naungana nao mbele.

Mtaniuliza nilikuwa napata faida gani. Hakuna. Kazi zilikwenda, nyumba ikapanda, lakini kila nikipata jema nilitaka kumkumbuka mama, na kila nikimkumbuka sura yake haiji. Inakuja simu ya Gabi iliyozimwa. Kaka alininyima maziko, na sasa mama mwenyewe alikuwa ananipotea.

Hilo ndilo lililonitisha.

Basi nikaamua kulijengea kaburi la mama. Marumaru nyeusi, msalaba, kila kitu cha daraja la kwanza. Padri atabariki, watu watakula biriani. Nikapita mwenyewe kualika, nikaanza kwa Bi Zuwena, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Muislamu, shoga mkubwa wa mama. Nilimkuta anachagua mchele.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba. Kaa, usinisimamie kama polisi."

Nikakaa, nikamweleza. Akasikiliza vizuri.

"Marumaru nyeusi? Mashaallah. Na Gabi analeta nini?"

"Gabi hajaalikwa."

Akaendelea kuchagua mchele. "Basi siku hiyo mie nnaumwa."

"Unaumwa nini?"

"Sijui bado. Siku haijafika."

Nikacheka, yeye hakucheka. Akaweka ungo chini. "Sikiliza, Toma. Kaka yako alikosa. Nlimwambia kwa mdomo wangu huu, mngoje mdogo wako, akanipita kama hanioni. Simtetei. Lakini shoga yangu alikuwa na watoto wawili, mie nliwaogesha wote. Ukimaliza hilo kaburi la mama wa mtoto mmoja, niambie ni la nani, nije nimuombee."

Wakuu, mimi nimebishana na mameneja wa hoteli kwa lugha tatu nikawashinda. Kwa Bi Zuwena niliinuka nikatafuta viatu vyangu.

Nikaondoka na gari yangu mpaka karibu na karakana ya Gabi, nikazima injini. Nikaanza Baba Yetu humo humo garini. Nilipofika pale ninapofunga mdomo nikasimama. Nikarudi mwanzo. Mara hii nikakitamka kile kipande kwa sauti, mara ya kwanza tangu maziko. Sikusikia malaika. Nilisikia harufu ya mtu anakaanga samaki. Lakini miguu ilikubali kushuka.

Gabi alikuwa anaranda mlango.

"Shikamoo, kaka."

Akaweka randa chini. "Marahaba."

"Nimekuja kukwambia nimekusamehe. Sikuja kudai maelezo."

"Hata huniulizi kwa nini?"

"Nikikuuliza nitakasirika upya."

Akatabasamu kidogo, halafu akasema bila kuulizwa. "Simu niliizima mimi, si chaji. Dawa zako, paa lako, kila mtu mtaani Toma, Toma. Nikaona ukifika na msiba utakuwa wako, mimi nitapanga viti. Nilitaka jambo moja la mama niwe nimelifanya mimi. Jeneza nimeliranda mwenyewe asubuhi ile. Nilijua wewe ungekuja na la dukani."

Na kweli, wakuu, nilikuwa nimeshaagiza Dar, la vioo. Hilo sikumwambia.

"Lilikuwa la mbao gani?" nikamuuliza.

"Mfenesi. Nilizikausha kwa ajili ya mlango wa chumba chake."

Ndipo akanihadithia maziko yote. Gauni alilovalishwa, lile la Pasaka. Nani alishuka kaburini kumpokea. Wanakwaya walivyofika wachache, na majirani walivyosimama kimya wakati wa nyimbo zetu, kofia mkononi. Nilikaa juu ya rundo la mbao nikasikiliza kama mtoto anayesimuliwa ngano. Alichonifanyia kilikuwa kibaya, na mpaka leo nasema kilikuwa kibaya. Lakini wakati anasimulia, sura ya mama ilirudi, na kanga yake, na kiyoyozi changu nyuma yake.

Siku ya kujenga kaburi tukaenda wote. Zege limekorogwa, fundi ameshainua karai la kwanza. Gabi akamshika mkono.

"Ngoja kwanza, fundi. Mdogo wangu hajatia udongo."

Fundi akatua karai. Gabi akainama, akachota udongo pale pale juu ya mama, akaniwekea kiganjani na kunifunga vidole.

"Tia."

Nikatia udongo kwa mama yangu. Nikiwa na suti, mbele ya watu, nikalia kama sina diploma.

Bi Zuwena alikuwepo, mzima wa afya, na biriani alikula.

Marumaru iko juu, nyeusi, inang'aa, hakuna kaburi zuri kama lile pale makaburini, nasema ukweli. Msalaba wake ni wa mfenesi, kazi ya Gabi. Nilikuwa nimeagiza wa chuma, nikaurudisha.

Nilichojifunza: kusamehe si kusema hukukosewa. Mimi nilikosewa, na shahidi ninaye. Lakini ningeendelea kungoja Gabi anilipe maziko ningengoja mpaka langu, maana hakuna namna ya kuyalipa. Nguvu ya kushuka garini sikuisomea Maskati, nilipewa. Aliyenipa namjua.

Jumapili hizi tunakaa benchi moja. Nguzo imebaki peke yake.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye ndugu asiyesemezana naye aseme hapa amekwama wapi, tusaidiane. Na wale wa kusema najisifu, semeni tu, Gabi kawatangulia.