Wageni wa Mgonjwa

Mume wangu aliajiriwa wizara ya mambo ya nje miaka ya mwanzo ya uhuru, kubeba mikoba ya wakubwa na kuwafungulia milango. Milangoni alisikia mengi na hakuropoka hata moja, basi wakaanza kumtuma yeye. Nchi ikigombana na jirani yake kwa ajili ya mpaka uliochorwa na watu waliokwisha kwenda kwao, ndiye aliyekwenda kukaa katikati. Ofisini walimwita Maji Baridi. Watoto wetu walimjua kwa sanduku: likiwa nyuma ya mlango, baba yupo.

Ugomvi wa mwisho ulikuwa wa majirani zetu wawili, wakigombea mto wa mpakani. Wajumbe wao walifikia mjini kwetu, hoteli mbalimbali, wala hawakukubali kuonana. Yeye akawa mtu wa kwenda na kurudi, achukue neno huku alipeleke kule, mpaka siku moja moyo ukamgomea kwenye ngazi za hoteli.

Hospitali walimrudisha nyumbani kwa sharti: alale, asiguse kazi. Daktari alinivuta pembeni. "Mama, akishtuka tena hatutampata."

Nikachomoa waya wa simu, nikahamishia kiti changu karibu na mlango wa mbele.

Alasiri akaja Kanali, mjumbe wa upande mmoja, pande la mtu, kashika mfuko wa machungwa.

"Shemeji, nimekuja kumjulia hali Maji Baridi. Sina jingine."

"Amelala."

"Nitamngoja."

Utamfukuzaje mtu aliyekuja kumwona mgonjwa? Nikamwambia avue viatu vyake vya kijeshi aviache mlangoni, akanyata mpaka kwenye kochi kama mwizi wa kuku.

Hajamaliza kujifuta jasho, hodi tena. Mwanasheria, msemaji wa upande wa pili, kaikumbatia chupa ya uji kama mtoto. Nilimjua kwa picha za magazetini. Hawa wakifokeana, mume wangu ataamka, atatoka kuwaamua, na ndiyo itakuwa basi. Nikimfungia huyu mlango, atasema mwenzake nimempokea, na kazi yote ya mume wangu imekufa. Nikabaki na kitasa mkononi.

"Ndani yumo mtu unayemjua," nikamwambia.

Akatazama viatu. "Naviona."

"Mgonjwa wangu amelala. Atakayepaza sauti nitamtoa mwenyewe, awe nani."

"Dada, mimi nimeleta uji." Akavua vyake.

Wakakaa, huyu mwisho wa kochi huku, yule kule. Jikoni kupika chai sikwenda, nisiwaache peke yao.

"Uji huo una sukari?" Kanali akanong'ona.

"Kidogo."

"Daktari amemkataza sukari."

"Alichokatazwa ni chumvi," nikasema.

"Unaona?" Mwanasheria akamwambia. "Hata kwa mgonjwa unadanganya."

Kanali akacheka kwa pua, akajiziba mdomo haraka, akatazama mlango wa chumbani.

"Tumemchosha huyu mtu," Kanali akasema.

"Mmemchosha ninyi."

"Haya, sisi. Na ninyi je?"

Mwanasheria akaiweka chupa ya uji sakafuni. "Na sisi." Kisha, kwa sauti ileile ya chini, "Wale wachungaji wetu wa ng'ombe mliowazuia ng'ambo ya mto. Mnawaachia lini?"

Nikasikia kitanda kinalia. Nilimkuta mume wangu mguu mmoja sakafuni, unapapasa kandambili.

"Wamo wote wawili?"

"Wote."

"Nipe shati."

Shati lilikuwa kitandani. Nikalikalia.

"Baba watoto, hawajakuita."

"Nisipotoka watavunja mazungumzo."

"Ukitoka watakubebesha ugomvi wao. Watakutazama wewe, waache kutazamana."

Alinikazia macho, na mimi sikuyakwepesha yangu. Kutoka sebuleni zilikuja sauti mbili, moja nzito, moja nyembamba, zikipokezana.

"Wanasema nini?"

"Sisikii vizuri. Wachungaji. Sijui mto."

"Nani ametaja mto kwanza?"

"Baba watoto."

"Haya, mama. Haya."

Akaurudisha mguu kitandani, nikamfunika. Akauchukua mkono wangu akauweka kifuani pake, akafumba macho, wale wakiendelea kunong'onezana. Moyo wake ulikuwa ukienda taratibu. Sikuuondoa mkono mpaka nilipojua amelala.