Kinachotoka Ndani ya Saa

Saa ya baba yangu ilirudi mikononi mwangu ikiwa inatembea, na hasira yangu ilianzia hapo. Niliiweka sikioni. Badala ya ule mwendo wa haraka niliouzoea kwa miaka mingi, nilisikia mdundo mmoja mkavu kila sekunde. Nikatazama mshale mwembamba: unaruka, unasimama, unaruka, unasimama. Katika saa ya kujaza kwa mkono mshale huo huteleza. Nilielewa papo hapo kwamba ndani ya kasha la baba mlikuwa mmewekwa mashini ya betri, na kwamba mashini yake yenyewe ilikuwa imetolewa.

"Unaitazama sawa vile nimekuuzia nyoka," fundi akasema. "Inatembea, papa. Unataka nini tena?"

Sikuwa mteja wa kawaida, na yeye alilijua hilo. Kwa miaka mingi nilikuwa natengeneza manometa kwenye mgodi mmoja wa shaba, vile vipimo vya shinikizo vinavyofungwa kwenye mabomba. Ndani ya manometa mna magurudumu madogo yenye meno na spirali nyembamba kama unywele, ndugu wa karibu wa ile iliyomo ndani ya saa. Kazi hiyo sikufundishwa na mtu. Nilifungua zilizokufa, nikachora nilichokiona, nikarudisha, nikapima, nikakosea, nikafungua tena. Kisha akaja mkubwa mpya wa idara, akasema manometa iliyoharibika inatupwa, mpya inatolewa kwenye boksi. Karakana yangu ikageuzwa stoo ya kofia za mgodini. Mimi nikaambiwa nipumzike.

Sikutaka kupumzika. Nilitaka kutengeneza saa, montre kama tunavyoziita huku, na niliuliza njia kama mtu anavyouliza njia ya kwenda mahali anapojua kwa hakika kuwa papo. Kwenye shule moja ya ufundi, aliyenipokea alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Montre? Juu ya nini? Bantu wote beko na téléphone." Akanielekeza kwenye darasa la umeme. Wale wenye meza ndogo kando ya soko walibadilisha mikanda na betri. Nilipowauliza juu ya spirali waliniangalia kama nimewaomba wanitibu moyo. Wote walinituma kwa mtu mmoja, mzee mwenye kibanda cha vioo, ndiye fundi huyu. Ukoo wake ulitoka Maniema. Babu yake alitengeneza saa, baba yake pia. Wanawe waliuza simu ng'ambo ya barabara ileile. Lupu yake, kile kioo cha kukuzia vitu vidogo, ilikaa kwenye paji la uso siku nzima, hata Ijumaa alipokwenda kusali.

Nilimpelekea saa ya baba kwa makusudi. Baba alipewa na reli siku alipostaafu, yeye na wenzake wote saa za aina moja, na aliijaza kila asubuhi kabla ya chai hadi ilipogoma. Alipokufa, siku ya kutoa matanga, yaya yangu, dada yetu mkubwa, aliiweka mkononi mwangu mbele ya jamaa wote. Nilimwambia fundi wazi: "Muzee, montre hii ilisimama. Minataka tuifungue pamoja, unionyeshe kazi."

"Acha hapa," alijibu. "Kuya Jumatano."

Niliondoka nikidhani nimepokelewa. Jumatano hiyo ndiyo niliyoieleza mwanzoni.

"Mashini yake iko wapi?" nikamwuliza.

"Ipi?"

"Yenye ulitoa."

"Aa, ile. Kile chenye kinatoka mu montre, ni cha fundi. Njo vile tunafanyaka."

"Nani alisema?"

"Bantu wote. Fundi wa nguo anabakiaka na vipande, miye nabakiaka na mashini. Muntu anakuya na montre yenye ilikufa, anaenda na yenye inatembea. Hakuna mwenye alilia. Weye njo wa kwanza."

Sikupiga kelele. Nilichukua saa nikaenda kwa yaya, nikiamini kwamba yeye angalau angeghadhibika pamoja nami. Aliiweka sikioni, akatabasamu.

"Mbona inatembea muzuri? Ya papa ilikuwa inachelewa."

"Yaya, hii haina ya papa tena. Balitoa ya ndani."

"Kasha iko ya papa. Mukanda iko ya papa. Unataka papa mwenyewe atoke ndani?" Akacheka, akaniita mezani. Niliondoka bila kugusa bukari, ugali wake, na najua alinisema kwa majirani kwa jambo hilo.

Kesho yake nilirudi kwa fundi nikamwambia sitoki mpaka anipe mashini ya baba. Hakubishana. Alisukuma kwa mguu makopo ya maziwa ya unga yaliyokuwa chini ya meza, mazito, yamejaa.

"Tafuta. Ukiijua, beba."

Nilimimina kopo la kwanza juu ya gazeti. Zilitoka mashini za saa kama dagaa: za mviringo, za mraba, za wanaume, za wanawake, nyingine bado zinang'aa. Nilizigeuza moja moja. Ndipo nilipopata hasira ya pili, kali kuliko ya kwanza, kwa sababu hii ilinielekea mimi mwenyewe: sikuweza kuitambua. Nilikuwa nikidai kitu ambacho, kikiwekwa mbele ya macho yangu, nisingejua kuwa ndicho.

Basi nikawa naenda kila siku. Alinipa kona ya meza, nadhani ili nisiwazuie wateja mlangoni. Nilizipanga mashini kwa ukubwa, kisha kwa umbo la madaraja yake, vile vibati vinavyoshikilia magurudumu, kisha kwa alama ndogo zilizochongwa chini ya gurudumu linalokwenda na kurudi, lile ambalo mafundi huku tunaliita balancier. Ndilo linalogawa wakati. Likisimama, vingine vyote ni chuma tu. Fundi hakunifundisha. Alinitukana.

"Unashika pinseti sawa muntu wa kutoa miiba mu samaki."

"Sijafundishwa, muzee."

"Inaonekana. Weka chini. Pumzisha resort kwanza, njo ufungue. Ama unataka ikurukie mu jicho?"

Hilo lilikuwa somo langu juu ya resort, ule utepe wa chuma unaotoa nguvu. Masomo mengine yalikuja vivyo hivyo, kwa dharau, katikati ya betri mbili. Mimi niliyaweka kichwani, nikayajaribu kwenye mashini za makopo, nikayapima. Na kadiri nilivyojua, ndivyo nilivyozidi kukasirika, kwa kuwa nyingi za zile mashini hazikuwa zimekufa. Zilikuwa na mafuta yaliyokauka. Zilikuwa na vumbi jekundu la mji huu. Zilikuwa na resort iliyokatika, wakati resort nzima ya aina ileile ilikuwa imelala kwenye kopo la pili. Mtu aliyeketi mbele yangu alikuwa na uwezo wa kuziponya zote, na alizitupa chini ya meza.

Nilimwambia hivyo siku moja. Hakuinua kichwa.

"Kusafisha montre moja, siku nzima. Kutia pile," akasema akinionyesha betri, "chai haijapoa. Na mwenye montre anasimama hapa anauliza: imekwisha? imekwisha? Miye nilifundishwa na baba yangu kusafisha. Bantu njo walinifundisha kutia pile."

Nilirudi kwenye mashini zangu na hasira ileile.

Kufikia majira ya mvua nilikuwa na mashini kadhaa za aina ile ya reli, zimepangwa mbele yangu kwenye vifuniko vya chupa. Moja kati ya hizo, niliamini, ilikuwa ya baba. Nilikuwa bado natafuta dalili ya kunihakikishia, ndipo akaingia mfanyabiashara wa samaki wakavu wa Pweto, mtu mnene, mchangamfu, anayenukia kazi yake. Pini ya mkanda wa saa yake ilikuwa imekatika. Alinyoosha mkono juu ya meza kabla ya kusalimia.

"Fundi, mukanda tu. Ndani usiguse. Toka uliniwekea ile balancier ya muzee wa reli, haichelewe hata kidogo."

Fundi alikohoa. Mfanyabiashara hakuona kitu, akaendelea kunieleza mimi: "Papa, ilikuwa imevunjika kabisa. Siku ileile muntu alikuwa ameleta ya baba yake. Bahati yangu."

"Ilikuwa ya baba yangu," nikasema.

Alitazama saa yake, akanitazama mimi, akaufunika mkono wake kwa mkono wa pili. "Mukono njo wangu, papa. Huo uniachie." Alicheka peke yake, kisha akaacha, akalipa, akaondoka na pini mpya.

Nilimgeukia fundi. Hakungoja niulize. Alifungua droo yake, ile ambayo sikuruhusiwa kuigusa, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaiweka mbele yangu. Ndani mlikuwa na mashini ya baba. Mahali pa balancier palikuwa tundu tupu. Muda wote ule nilikuwa nimemimina na kumimina makopo mbele ya macho yake, nikitafuta kitu kilichokuwa kwenye droo iliyogusana na kiwiko changu.

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungefanya nini? Ungelia, ungeenda." Akashusha lupu jichoni kana kwamba ana kazi. "Pièces za kutengenezea montre zinatoka wapi, weye? Hakuna boutique ya pièces hapa. Kila montre yenye inatembea mu huu muji, ndani yake muko ingine yenye ilikufa. Ilivunjika ya yule, ya baba yako ilikuwa muzima. Weye ungefanya nini?"

Watu niliowasimulia kisa hiki husema kwamba alinifanyia hisani, kwamba alinishikilia pale ili nijifunze. Sikubali. Alinishikilia pale kwa sababu aliona haya kusema, au aliona uvivu, au vyote viwili. Nilichojifunza nilijifunza kwa sababu mimi ni mtu wa kupanga vitu.

Niliivuta ile mashini upande wangu. Utepe wake wa nguvu ulikuwa umekatika karibu na kitovu. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake wote. Nilisafisha, nikatia resort nzima kutoka kopo la pili. Kisha nikatazama zile mashini zilizopangwa kwenye vifuniko. Zote zilikuwa za wastaafu wa reli. Kila moja ilikuwa ya baba wa mtu. Nilichagua yenye balancier iliyonyooka zaidi, nikaifungua, nikatoa balancier hiyo, nikaitia kwenye mashini ya baba yangu. Fundi alikunja mikono. Kwa mara ya kwanza hakunitukana. Spirali ilitulia, gurudumu likashtuka, likaanza kwenda na kurudi, na sauti niliyoikosa ikarudi, ya haraka, ileile.

Nilifungua kasha la baba, nikatoa mashini ya betri, nikarudisha ya kwake. Fundi aliichukua saa, akaisikiliza muda mrefu, akanirudishia. Kisha akanyoosha kiganja.

"Leta ile ya pile. Niliinunua na makuta yangu."

"Kile chenye kinatoka mu montre," nikamwambia, "ni cha fundi."

Nilikuwa sijapanga kusema hivyo. Alinitazama, kisha akarudisha mkono wake polepole mezani. Niliitia ile mashini mfukoni nikatoka. Njia nzima hadi nyumbani niliwaza kwamba neno la kwanza nililolisema kama fundi lilikuwa hilo.

Sasa nina meza yangu, upande wa pili wa barabara, karibu na wanawe wanaouza simu. Wachache huja kwa ajili ya kazi kamili, nami naifanya. Wengi wanataka betri. Wiki iliyopita alikuja mtu wa Lukafu, mkulima, na saa ya kujaza ya babu yake. Nilimweleza kwamba inaomba kusafishwa tu, aiache hadi Jumatatu.

"Sina Jumatatu, papa. Tia pile."

Ningekataa, angevuka barabara. Niliitia. Mashini ya zamani niliifunga kwenye karatasi, nikaandika juu yake ugonjwa wake na mahali anakotoka mwenyewe, nikampa mkononi.

"Ya kufanya nini?" akauliza, kwa adabu kabisa, akaiacha juu ya meza.

Nilimwita. Alinipungia mkono bila kugeuka. Nimeiweka kwenye kopo pamoja na nyingine, kila moja ndani ya karatasi yake, ili atakayekuja kudai asitafute kama nilivyotafuta. Hajaja mtu. Kopo limejaa, na jana nilimwomba yaya anitunzie lingine, maziwa yake yakiisha.