Mangi wa Kwa Ndesario

Harufu ya rangi mbichi ndiyo iliyonirudisha utotoni. Vijana wa anwani za makazi walikuwa wamesimika nguzo kwenye njia inayoshuka chemchemini, hapa kwetu Marangu, na kibao kikasomeka: KWA NDESARIO. Nikakigusa, nikachafuka kidole. Ndesario ni mimi.

Ngojeni niwaeleze, maana si jambo la kujivunia. Nilipokuwa mtoto alikuja mpima ramani kutoka Moshi mjini, suruali yake ina mkunjo wa pasi uliodumu mpaka tope la kwanza. Alitaka jina la kila kijito na kila kilima. Bibi aliyajua yote, lakini miguu ilikuwa imemvimba, akanituma mimi.

"Mengine ukisahau, basi. Chemchemi usisahau," alinionya. "Mwambie ni Kwa Manka."

Manka alikuwa mama yake, aliyeifukua chemchemi ile kwa jembe.

Sasa, mpima alikuwa na biskuti, na kila jina lilinipatia moja. Majina ya kweli yaliisha kabla ya njaa yangu. Nikaanza kubatiza. Jiwe alilojikunia fahali wa jirani likapata jina, kichuguu nacho kikapata chake. Tulipofika chemchemini, utukufu ulikuwa umenipanda kichwani.

"Kwa Ndesario," nikasema.

Akauliza huyo alikuwa nani.

"Mangi, chifu wetu wa zamani," nikajibu, mdomo umejaa. "Alikuwa mkali sana."

Jioni Bibi aliniuliza, "Umemtaja mama?"

"Nimemtaja, Bibi."

Akanipakulia mtori wa ndizi, nyama nyingi kuliko ya Babu. Nikaumaliza.

Jina likaingia kwenye ramani, likatoka huko likaingia midomoni mwa watu. Wazee waliosema Kwa Manka wakaisha mmoja mmoja. Siku hizi Eliya, kijana wa jirani anayeongoza wageni, huwasimulia vita vya Mangi Ndesario na urefu wa mkuki wake. Nilipomweleza ukweli, alicheka.

"Shikamoo, babu. Usituharibie kazi, wageni wanampenda sana huyo mangi."

Kwetu kihamba, shamba la ukoo, kilirithiwa na wana wa kiume. Manka hakuachiwa hata mgomba mmoja, wala Bibi. Maji yale ndiyo mahali pekee palipobeba jina la mwanamke wa ukoo wetu, nami nikapauza kwa biskuti. Sikulielewa hilo mpaka nilipogawa kihamba changu, binti yangu akauliza chake kiko wapi.

Ukimkosea mtu huku kwetu, unampelekea jani la isale kuomba msamaha, naye hawezi kulikataa. Nikakata isale, nikalifunga kwenye nguzo. Asubuhi yake Eliya akapita na wageni, akawaambia lile jani ni heshima kwa Mangi.

"Mangi ndiye mimi," nikasema. "Na hapa ni Kwa Manka. Haya, watafsirie."

Eliya akatafsiri, jasho likimtoka. Wageni wakaomba picha. Nikakubali, kwa sharti kwamba kwanza kila mmoja atamke jina la mama yake Bibi. Wakalitamka, vizuri kuliko nilivyotarajia. Mmoja wao, kwa shukrani, akanipa biskuti.

Nikamrudishia.