Maneno ya Upande wa Ndani

Kazi yangu mimi ni kuoka. Keki ikishapoa, nikaipaka krimu ya siagi na kuipanga ghorofa tatu, naibeba kwa mikono miwili hadi nyumba ya tatu kutoka kwangu, kwa Bi Utepe, ili aivishe. Wateja hunisifu mimi kwa ladha, halafu wanapiga picha kazi yake. Zamani jambo hilo lilinikera sana. Siku hizi nimezoea, ingawa si kiasi hicho.

Chumbani kwake kuna kamba iliyofungwa kutoka dirishani hadi juu ya kabati, na kwenye kamba zinaning'inia tepe za satini alizozipiga pasi: rangi ya maziwa, ya waridi, ya jani changa. Upepo ukiingia zinainuka zote polepole, zinatulia hewani kidogo, zinashuka. Ukikaa humo mchana, joto limelala na mtaa umenyamaza, unasahau ulichofuata. Mimi na haraka zangu zote nimewahi kusinzia mlangoni pake nikiwa na trei mkononi.

Hupima mzunguko wa keki kwa uzi, akaongeza vidole viwili vya kukutanishia. Pini hagusi kabisa. "Pini ni ya nguo," husema, "na nguo hailiwi." Nyuma ya kila utepe hubandika ukanda wa karatasi ya kuokea, maana satini hunywa mafuta. Ukiiacha iguse siagi yenyewe, nusu siku haipiti itakuwa na madoa, na itang'aa hadi uone kilicho upande wa pili.

Na upande wa pili huwa na kitu. Kabla ya kubandika karatasi, Bi Utepe huandika kwa penseli neno lake kwa maharusi: mvumiliane, msilale na hasira, mcheke. Hakuna anayelisoma. Nilimwambia anapoteza penseli bure. Akanijibu kwamba hata dua hakuna anayeiona.

Harusi zikiisha, tepe hazitupwi. Ukitembea naye mtaani unaziona kwenye nywele za watoto, kwenye mapazia, kwenye mpini wa jembe la mtu. Yeye huzitambua zote. Anasimama katikati ya njia, anatabasamu kwa utepe wa kijani unaokimbia kichwani kwa msichana, na mimi nangoja pembeni kama mjinga, kikapu kinanikata mkono.

Aliyekuwa akiyasoma maneno yale ni mtu mmoja tu, binti yake wa pekee, tuliyemwita Kidoti. Alipokuwa mdogo alikaa ng'ambo ya meza, na mama yake alipoinua utepe dirishani kukagua nyuzi, mtoto aliona herufi kwa nyuma, zimegeuka. Basi akajifunza kusoma kinyume kabla ya kusoma sawasawa. Mwalimu wake wa kwanza alidhani ana tatizo la akili.

Kisha akaja fundi baiskeli. Kidoti alimleta nyumbani kuposa, pamoja na wazee wake: kijana mpole, kucha nyeusi kwa grisi. Bi Utepe akaitazama ile mikono, akasema mbele ya wageni, "Mikono hii itamchafulia mwanangu maisha." Maji yakimwagika hayazoleki. Jioni ileile Kidoti alihamia kwa mama yake mdogo, na kwa miaka miwili mama na mwana wakawa wanapishana sokoni bila salamu.

Mama mdogo ndiye aliyeniagiza keki ya harusi. Nilipoiomba orodha ya waalikwa ili nijue ukubwa, niliisoma mara mbili. Mama wa bibi harusi hakuwamo. Niliumia, lakini nikaoka. Asubuhi ya siku yenyewe nikaibeba kama kawaida.

"Ya nani hii?" aliniuliza Bi Utepe.

"Ya watu tu."

"Watu gani?"

"Watu wa kuoana, shoga yangu. Wewe ivishe tu."

Njia ya mwongo ni fupi. Alinitazama mpaka nikaanza kuhesabu tepe za kwenye kamba. Hakuuliza tena. Alichagua ya rangi ya maziwa, akaniomba nikamsubiri nje, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nilipoitwa ndani, keki ilikuwa imevaa na yeye ananawa mikono, akinipa mgongo.

Ukumbi ulikuwa mtaa wa pili. Saa nane jua lilikuwa linapita kwenye madirisha makubwa, feni zinazunguka kwa uvivu, na watu wote waling'aa kama waliopakwa mafuta. Nikatazama keki yangu. Ghorofa mbili za juu zilikuwa salama. Utepe wa ghorofa ya chini ulikuwa umeanza kuwa kijivu, ukachorekachoreka kama kuku amepita. Karatasi! Amesahau karatasi, yeye, baada ya miaka ishirini! Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaniwaka. Nikaiendea keki na mkasi chini ya leso, niukate utepe ule.

Bwana harusi aliniwahi. Akainama, akaangalia madoa, kisha akaangalia kucha zake zilizosuguliwa kwa limau. "Jamani, haya ya leo si yangu," akasema, na watu wakacheka.

Kidoti hakucheka. "Acha kwanza, shangazi," akaniambia.

Alikusanya gauni lake kwa mkono mmoja, akainamisha kichwa, akaanza kutembea kuizunguka keki. Alikwenda taratibu sana, hatua kwa hatua, kidole kikifuata utepe bila kuugusa. Kinanda kiliendelea kulia. Mimi niliona uchafu tu. Yeye midomo ilikuwa inacheza. Aliporudi alipoanzia alisoma kwa sauti ya chini, akimwangalia mumewe.

"Nilikosea, mwanangu. Mikono yake ni safi."

Yule kijana akaificha mikono mfukoni kama mtoto.

"Lazima nikafuate utepe mwingine," nikasema.

"Twende wote," akasema Kidoti.

Tukatoka watatu, mimi na maharusi. Bado naiona ile njia: jua jeupe, vumbi limetulia, gauni likiburuzika nyuma yetu bila mtu kulijali, na majirani wamesimama milangoni. Moyo wangu ulikuwa unadunda kuliko wa bibi harusi. Niliogopa tutakuta mlango umefungwa.

Ulikuwa wazi. Bi Utepe alikaa chini ya kamba yake, pasi imepoa mezani. Alikuwa amevaa gauni lake zuri la kutokea, na hakuwa na pa kwenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema.

"Umesahau karatasi."

Akafumba macho. "Ya chini?"

"Ya chini. Nimesoma yote."

Alinyanyuka. Akateremsha utepe mpya, akaupima kwa uzi wa asubuhi, akakata, akaulaza mezani kifudifudi. Vile vidole viwili vya kukutanishia alivisahau, na hapo nikaelewa jinsi karatasi ilivyosahaulika. Akanyoosha mkono kuchukua penseli. Kidoti akaifunika kwa kiganja.

"Safari hii sema tu, mama."

Tepe zikainuka kwa upepo, zikashuka. Bi Utepe akamtazama mwanawe, kisha akamtazama fundi baiskeli aliyekuwa amebaki kizingitini na mikono mfukoni.

"Ingia, baba," akamwambia. "Nipe mkono."

Kijana akautoa mmoja. Bi Utepe akaupokea kwa mikono yake yote miwili.

"Nilikosea," akasema, na hakuuachia.

Ukumbini keki yangu ilikuwa inayeyuka, na mimi nimesimama pale nalia, mkasi mkononi.